Kitendawili Kisicho na Mtegaji: Utani wa Fizikia ya Kwanta katika Kiswahili

Utangulizi

Miongoni mwa viumbe wa kubuni waliozaliwa katika karne ya ishirini, yamkini hakuna aliyetaniwa kama paka wa Erwin Schrödinger. Hana jina wala rangi, na mtunzi wake hakumpa hata mlio. Amefungiwa ndani ya kisanduku cha chuma pamoja na kipande kidogo mno cha kitu kinururifu, kifaa cha kuhesabia mnururisho, nyundo na kichupa cha sumu. Katika muda wa saa moja huenda atomu moja ikavunjika, na huenda vilevile isivunjike hata moja. Ikivunjika, nyundo huanguka, kichupa hupasuka, paka hufa. Hesabu za fizikia ya kwanta, zikiachwa ziseme zenyewe, husema kwamba kabla ya kisanduku kufunguliwa paka yu katika hali moja inayochanganya uhai na mauti.

Leo paka huyo yumo katika vibonzo, kwenye fulana na katika mazungumzo ya watu ambao hawajapata kuiona fomula hata moja ya kwanta. Umoja wa Mataifa ulipoutangaza mwaka 2025 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Sayansi na Teknolojia ya Kwanta, kwa kuadhimisha miaka 100 tangu Werner Heisenberg aandike makala yake ya msingi ya 1925, paka alirudi tena mbele ya umma, akichekwa zaidi ya alivyoeleweka.

Makala haya yanauchukulia utani huo kuwa utanzu mdogo wa fasihi wenye kanuni zake, na yanauliza swali moja. Mzaha wa kwanta unapoingia katika Kiswahili, hususan Kiswahili cha mahali kama Kabuchai katika Kaunti ya Bungoma, ambako mtaniaji ana Kibukusu nyuma yake na Kiingereza cha mtihani mbele yake, hukutana na nini? Dai la makala ni kwamba hukutana na sanaa ya kitendawili, na kwamba mkutano huo una mgogoro ndani yake. Katika kila kitu kilichofungwa ambacho Kiswahili kimekizoea, yupo mtu anayejua kilichomo.

Mzaha uliopotewa na shabaha

Jambo linalosahauliwa mara nyingi ni kwamba paka huyu alizaliwa akiwa mzaha. Katika makala yake ya 1935, iliyotoka katika jarida la Die Naturwissenschaften, Schrödinger mwenyewe aliutaja mfano huo kuwa wa kichekesho. Alikuwa akiidhihaki tafsiri ya nadharia iliyokuwa ikitoka Copenhagen kwa Niels Bohr na wenzake. Alitaka msomaji acheke, kisha ashtuke kwamba nadharia yenye mafanikio makubwa namna ile inaweza kufikishwa mahali pa kusema upuuzi kama huo. Wanaomtania paka siku hizi wamekihifadhi kicheko na kuutupa mshtuko. Wanausimulia upuuzi ule kana kwamba ndio mafundisho, na mtu aliyekusudia kupinga amegeuzwa kuwa mhubiri wa kile alichokipinga. Katika historia ya tashtiti hilo si jambo geni, ila ni nadra kutokea kwa ukamilifu wa kiasi hiki.

Wanafizikia wa kizazi hicho walikuwa na mazoea ya kutaniana. Mwaka 1931 Guido Beck, Hans Bethe na Wolfgang Riezler, waliokuwa Cambridge, walichapisha katika jarida hilohilo taarifa fupi yenye sura ya utafiti halisi. Walidai kuonyesha uhusiano kati ya sifuri halisi ya joto, yaani nyuzi 273 za Selisiasi chini ya sifuri, na namba 137 ambayo Arthur Eddington alikuwa akiipa uzito mkubwa katika maandishi yake: zidisha 137 kwa 2, toa 1, upate 273. Hesabu hiyo mtoto wa shule ya msingi anaiweza, na humo ndimo ilimo dhihaka, kwa sababu nyuzi za Selisiasi ni mapatano ya wanadamu yaliyojengwa juu ya kuganda na kuchemka kwa maji, na haziwezi kuwa na siri yoyote ya ulimwengu. Mhariri hakung'amua. Baadaye jarida lililazimika kutoa ufafanuzi kwamba taarifa ile ilikuwa mzaha. Mwaka uliofuata, katika taasisi ya Bohr huko Copenhagen, vijana waliigiza mchezo ulioifuata Faust ya Goethe, ukitimia mwaka wa 100 tangu kufa kwake Goethe. Bohr aliwekwa katika nafasi ya Mungu, Wolfgang Pauli katika nafasi ya Ibilisi, na msichana Gretchen akawa nyutrino, chembe ambayo Pauli alikuwa ameibuni kwa hoja tu na ambayo haikugunduliwa kwa majaribio hadi 1956.

Mambo haya yanafanana sana na kile ambacho Waafrika Mashariki hukiita utani. A. R. Radcliffe-Brown, alipouandikia uhusiano wa namna hiyo mwaka 1940, aliusisitiza mchanganyiko wake wa urafiki na uhasama. Mtani huruhusiwa kutukana kwa sababu ana haki ya kutukanwa pia. Miongoni mwa Wabukusu, ambao ndio wenyeji wa Kabuchai, leseni hiyo huonekana zaidi kati ya bakoki, yaani waliotahiriwa msimu mmoja. Mtu wa nje akiyasema maneno wanayoambiana bakoki, yanakuwa matusi matupu. Kwa kipimo hicho, mchezo wa Copenhagen ulikuwa utani kamili, na kioja cha 1931 kilikuwa utani uliovuka mpaka kidogo kwa kuwa Eddington hakuwa rika la waliomdhihaki.

Fasihi nayo iliwahi kuguswa. Mwaka 1996 Alan Sokal, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha New York, alipeleka kwa jarida la Social Text makala iliyochanganya istilahi za kwanta na za uhakiki wa kisasa kwa makusudi ya kutokuwa na maana. Ikachapishwa, naye akautangaza udanganyifu wake. Waliomtetea na waliomlaumu wamesema mengi yasiyohitaji kurudiwa. Linalohusika hapa ni kwamba mzaha ule ulikwenda upande mmoja: mwanafizikia aliweza kuiga sauti ya mhakiki, ila hapakuwa na mhakiki aliyeweza kuiga sauti ya mwanafizikia kiasi cha kumlipa. Pasipo malipo hakuna utani.

Yai, gunia na kisanduku

Kiswahili kina vitu vingi vilivyofungwa. Kipo kitendawili mashuhuri cha nyumba isiyo na mlango, ambacho jibu lake ni yai. Upo msemo wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia, unaotumika Mombasa kama unavyotumika sokoni Chwele. Mtu aliyelelewa na fani hizi akisimuliwa habari za paka ndani ya kisanduku, haji mikono mitupu. Anacho tayari kiolezo cha kumpokea paka huyo, na kiolezo hicho kinamwongoza mahali ambapo Schrödinger hakumpeleka.

Katika msemo wa mbuzi, gunia limefungwa kwa mnunuzi peke yake. Muuzaji anajua kwamba mbuzi ni mgonjwa. Kinachochekwa ni ujinga wa mmoja uliozungukwa na ujuzi wa mwingine. Katika kitendawili hali ni hiyohiyo, ila imetiwa adabu ya mchezo. Mtegaji hutega akiwa na jibu mkononi. Wategwa wakishindwa, humpa mji, naye akishapokea mji wake hulifungua fumbo mbele ya wote. Utoaji wa mji una maana kubwa kuliko inavyodhaniwa na wanaouhesabu kuwa pambo la wakati wa jioni: ni kukiri kwamba jibu lilikuwapo tangu mwanzo, kwamba lilikuwa mali ya mtu, na kwamba linaweza kununuliwa.

Kwa hiyo msikilizaji wa Kabuchai akicheka habari za paka, aghalabu hucheka kama anayemshuku muuzaji. Anaamini kuna mtu anayejua. Paka amekwisha kufa, au yu hai, na wataalamu wanaficha. Shaka hiyo haistahili kubezwa hata kidogo, kwani ndiyo shaka aliyokuwa nayo Einstein. Tangu barua yake ya Desemba 1926 kwa Max Born, yenye kauli yake maarufu ya kukataa kwamba Mungu anacheza kamari, alishikilia kuwa nadharia ya kwanta haijakamilika na kwamba nyuma yake limo jibu ambalo bado halijasomwa. Einstein alitaka maumbile yawe mtegaji mwaminifu.

Mwaka 1964 John Bell, mzaliwa wa Belfast, alionyesha kwamba shaka hiyo inaweza kupimwa. Hoja yake hufafanuka vizuri kwa mchezo wa vitendawili. Wachezaji wawili wanatengwa, mmoja Kitale na mwingine Bungoma, wasiweze kupelekeana habari. Kila mmoja anategwa kwa bahati nasibu kitendawili kimoja kati ya viwili, naye hujibu ndiyo au la. Wanashinda majibu yao yakifanana, isipokuwa pale wote wawili wanapotegwa kile cha pili, ambapo lazima majibu yatofautiane. Wanaruhusiwa kupatana mapema watakavyo. Atakayekaa na kalamu ataona kwamba, wapatane vyovyote, hawawezi kushinda kwa wastani zaidi ya mara 75 katika kila 100. Lakini wakipewa chembe zilizofungamana kwa namna ya kwanta, wakazipima kila wanapotegwa, wanaweza kukaribia mara 85. Majaribio ya John Clauser mwaka 1972, ya Alain Aspect mwaka 1982, na yale yaliyozibwa mianya yote mikubwa mwaka 2015, yaliupa ushindi upande wa kwanta. Clauser, Aspect na Anton Zeilinger walitunukiwa Nobeli ya Fizikia mwaka 2022. Majibu hayakuwa yamewekwa mkononi mwa yeyote kabla ya swali, ila mtu akubali kwamba chembe zinanong'onezana papo kwa papo kutoka Kitale hadi Bungoma, jambo ambalo Einstein mwenyewe alilidhihaki kwa kulifananisha na kazi ya mizimu.

John Archibald Wheeler alikuwa na kisa kinachofaa kuwekwa kando ya hayo. Alizoea kusimulia jinsi alivyotolewa nje ya chumba katika mchezo wa kubahatisha neno kwa maswali ishirini. Aliporudi, wenzake walijibu kwa kusitasita, kila jibu likichelewa kuliko lililotangulia, hata hatimaye akalitaja neno "wingu" na wote wakaangua kicheko. Hawakuwa wamechagua neno lolote. Walikuwa wamepatana tu kwamba kila mtu ajibu apendavyo mradi jibu lake lisipingane na yaliyokwisha kutolewa. Kwa Wheeler huo ulikuwa mfano wa ulimwengu wa kwanta. Kwa mwanafasihi simulizi ni kitu cha kushangaza zaidi: kitendawili ambacho mtegaji wake hana jibu, na mji hauwezi kudaiwa.

Mizaha mitatu

Ili kuipima hoja hii, inafaa kuitazama mizaha ya namna ambayo mwanafunzi wa kidato cha nne wa Chwele angeweza kuitunga kwa Kiswahili. Katika mtaala wa 8-4-4, ulioanzishwa mwaka 1985, fizikia ya kidato hicho ilimfikisha kwenye athari ya fotoelektriki, ambayo Einstein aliieleza mwaka 1905. Yaani mwanafunzi alifika kizingitini mwa kwanta, akafika kwa Kiingereza.

Mzaha wa kwanza ni wa mdeni. Mdai anabisha hodi, mtoto anatoka na kusema: "Baba yupo na hayupo. Fungua mlango umlazimishe achague." Unachekesha kidogo, na upungufu wake huonekana ukiwekwa karibu na kisa cha zamani kinachojulikana kote Afrika Mashariki, ambamo mtoto husema tu: "Baba amesema hayupo." Kisa cha zamani ni bora kwa mbali. Ukinzani umo ndani ya sentensi yenyewe, na mtoto hajui kwamba ameutamka. Mzaha wa kwanta umeutoa ukinzani huo katika kinywa cha mtoto na kuuweka katika istilahi. Fauka ya hayo, baba yuko uvunguni mwa kitanda muda wote, na mtoto anajua. Huyu ni mbuzi katika gunia aliyevishwa kanzu ya paka.

Wa pili ni wa matatu katika barabara ya Bungoma kwenda Chwele. Abiria anamwambia mwenzake kwamba kanuni ya Heisenberg inafanya kazi stendi: ukijua gari liko wapi, hujui litaondoka lini, na ukijua limeondoka lini, hujui liko wapi. Hapa pana ufundi zaidi, kwa kuwa sentensi imejengwa kwa kugeuzwa na kila nusu inaiba kilichotolewa na nusu ya pili, kama ilivyo kwa mahali na mwendo wa elektroni. Hata hivyo makanga anajua. Hajaondoka kwa sababu viti viwili havijajaa, na neno lake la "sasa hivi" ni la kuuzia gunia.

Wa tatu ni wa mzee na karani wa vitambulisho. Karani anauliza: "Mzee, ulizaliwa mwaka gani?" Mzee anajibu: "Bado, mwanangu. Ukishaandika ndipo nitakuwa nimezaliwa."

Mzaha huu unastahili kukaliwa. Tangu enzi za kipande, wazee wengi waliopita mbele ya meza hiyo hawakuwa na mwaka wa kuzaliwa kwa maana ya serikali. Walikuwa na rika. Wabukusu wana marika manane yanayozunguka na kurudi katika muda wa takriban karne moja: Bakolongolo, Bakikwameti, Bakananachi, Bakinyikewi, Banyange, Bamaina, Bachuma na Basawa. Mzee akiulizwa rika anajibu bila kusita. Akiulizwa mwaka, jibu huundwa palepale baina ya kalamu na kumbukumbu, na likishaandikwa halibadiliki: ndilo litakaloamua kura na malipo ya uzeeni. Swali limezaa jibu, na jibu limekuwa ukweli unaoshika. Sarufi nayo imeshiriki. Umbo la "nitakuwa nimezaliwa" linamweka msemaji katika wakati ujao akitazama nyuma kwenye tukio lililokwisha kupita, na kicheko kinatoka katika njeo tupu, bila istilahi hata moja ya fizikia. Katika mizaha yote mitatu huu peke yake hautaji kwanta, na huu peke yake unaifikia.

Mkosoaji mkali atasema kwamba mzee alizaliwa siku fulani, ijapokuwa hakuna aliyeiandika, kwa hiyo jibu lilikuwapo. Pingamizi hilo ni la haki kwa upande wa mwaka. Haligusi rika. Mvulana ambaye hajatahiriwa, omusinde, hana rika lililofichwa ndani yake likisubiri kufichuliwa. Msimu wa tohara, unaoangukia Agosti ya miaka inayogawika kwa mbili, ndio unaomtia katika rika, na ndugu wawili waliopishana msimu kwa sababu ya ugonjwa au karo wanaweza kuangukia marika mawili. Kabla ya kisu hakuna anayejua, kwa kuwa hakuna cha kujua. Baada ya kisu hakuna kurudi nyuma. Yeyote atakayetaka kumwelezea mtu wa Kabuchai kipimo cha kwanta kwa njia ya utani anao hapa mfano unaomshinda paka, na bakoki wana leseni ya kuutumia.

Sarufi na mamlaka ya kucheka

Hoja ya lugha haiwezi kukwepwa. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam mwaka 1990, na Katiba ya Kenya ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kwa hiyo maneno si haba. Kinachopungua ni mazoea ya kuyachezea, na bila mchezo istilahi hubaki mgeni anayekaa kwenye kiti cha sebuleni. Mathalani, Kiswahili kina kitu ambacho Kiingereza cha mtihani hakina kwa wepesi huo, nacho ni ukanushi wa -ja-. Kusema paka "hajafa" ni tofauti na kusema "yu hai". "Hajafa" inabeba tarajio la kifo ndani ya kitenzi. Sentensi "paka hajafa wala hajapona" inamweka mnyama mahali pa kati ambapo matarajio yote mawili yanaishi pamoja, na inafanya hivyo kwa silabi chache. Mwalimu anayeipuuza sentensi hiyo kwa sababu imesemwa na mwanafunzi anayecheka amepoteza somo zima.

Wahakiki wenyewe wamo katika jambo hili. Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi zimesomwa mara nyingi kwa kutafuta ufunguo: nani ni nani, paa anayefukuzwa anasimamia nini, mwandishi alikuwa na jibu gani. Huo ni usomaji wa kumpa mwandishi mji ili afungue fumbo. Kezilahabi alifariki mwaka 2020, na wapo wanaosikitika kwamba amekwenda na majibu. Dhana yao ni kwamba yalikuwapo. Riwaya zile zinamruhusu msomaji kudhani vingine, kwamba maana fulani za Nagona hupatikana pale swali linapoulizwa na huwa tofauti likiulizwa swali lingine, ingawa si kila jibu linapita, kama vile katika mchezo wa Wheeler jibu la kila mtu lilivyobanwa na yote yaliyotangulia. Sharti hilo la kubanwa ndilo ambalo mzaha wa Sokal uliwasuta wahakiki kwa kulisahau, na katika hilo alikuwa na haki ya mtani.

Mwanafunzi wa Chwele anayemtungia karani mzaha wa njeo hahitaji ruhusa ya Copenhagen wala ya idara ya fasihi. Anahitaji kuijua fizikia kiasi cha kuweza kuchekwa nayo, na mwalimu wa fizikia atakayemjibu kwa Kiswahili.